Kasri la Windsor au Mnara wa London: Uende Wapi Ukiwa na Siku Moja?

Wageni wengi wanaofika London hutaka kuona kwa macho yao mahali walipoishi wafalme wa Uingereza: kuta nene, minara, kumbi zilizonakshiwa kwa dhahabu, makaburi. Ila muda huwa mfupi na kiingilio ni ghali. Mnara wa London na Kasri la Windsor, kila mmoja kwa upande wake, hutoza mtu mzima zaidi ya pauni 30. Ukiwa na mwenzio na watoto, hiyo si pesa ya kutoa bila kufikiri, na ndiyo maana inafaa kujua mapema kila mahali pana nini.

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Kama ni mara yako ya kwanza London, au una watoto wa umri wa shule, au umebakiwa na nusu siku tu, nenda Mnara wa London. Kama una siku nzima ya kutulia, unapenda michoro na ustadi wa ujenzi, au kinachokuvuta ni familia ya kifalme yenyewe, panda treni uende Windsor. Mimi mwenyewe nikiambiwa nichague mahali pamoja tu, moyo wangu uko Windsor, kwa sababu ya kanisa lake. Hata hivyo wengi ninawaelekeza Mnarani, na sipingani na nafsi yangu: Windsor hukunufaisha zaidi ukiwa umeshajua kidogo habari za hawa wafalme, lakini Mnara humpokea hata asiyejua lolote.

Aliyezijenga ni mmoja

William wa Normandia alipoiteka Uingereza mwaka 1066 aliwakuta watu wasiomtaka. London, mji mkubwa na tajiri, ndiyo iliyomtia wasiwasi zaidi. Basi akajenga ngome kando ya mto Thames, kwenye pembe ya ukuta wa zamani wa Warumi, na mnamo mwaka 1078 ukaanza kusimamishwa mnara wa mawe ambao leo unaitwa Mnara Mweupe. Una kimo cha mita 27. Hazikuwako nyumba za kushindana nao wakati ule, na kila mkazi wa mji aliuona kila siku. Ulijengwa uonekane.

Katika miaka hiyohiyo William aliuzungushia mji ngome nyingine kwa umbali wa kama mwendo wa siku moja kwa miguu. Windsor ni mojawapo, juu ya kilima kinachoutazama mto huohuo wa Thames, kilomita 35 hivi magharibi ya London. Kwa hiyo mwanzo wake nao ni wa kivita. Lakini palikuwa na msitu wa kuwindia karibu, na wafalme waliofuata wakapapenda, wakaanza kuishi hapo. Edward III alizaliwa humo mwaka 1312, akaja kulijenga upya kwa fahari, na mwaka 1348 hivi akaanzisha Nishani ya Garter, heshima wanayopewa wateule wachache wa mfalme, ambayo makao yake yako Windsor mpaka leo.

Tofauti inayomgusa mtalii inaanzia hapo. Mnara uliendelea kuwa mahali pa kuwekea vitu na watu wasiotakiwa kutoka: hazina, silaha, nyaraka, wafungwa. Windsor likawa nyumbani, na bado ni nyumbani. Hakuna kasri duniani linalokaliwa mpaka leo lililo kubwa kuliko hilo wala la zamani kuliko hilo. Ukifika, tazama bendera juu ya Mnara wa Mviringo: ikiwa ni bendera ya kifalme, Charles III yumo ndani, ikiwa ni ya taifa, hayupo.

Kabla ya yote, tazama ni siku gani

Jambo hili huwaharibia watu safari kuliko mengine yote, na linaepukika kwa urahisi. Windsor kwa kawaida hufungwa Jumanne na Jumatano. Jumapili kasri liko wazi, lakini Kanisa la Mtakatifu George halipokei watalii kwa sababu ya ibada. Tena, kwa kuwa ni nyumba ya mfalme inayotumika, anaweza kuja rais wa nchi nyingine au pakawa na sherehe, na sehemu fulani au kasri lote likafungwa. Angalia tovuti yao unapokata tiketi, kisha angalia tena usiku wa kuamkia safari.

Mnara hufunguliwa siku zote saba za juma, isipokuwa siku chache za Krismasi na mwaka mpya. Kama siku yako pekee ni Jumanne au Jumatano, ulinganisho huu umeshaisha: nenda Mnarani.

Usafiri

Mnara uko katikati ya mji. Unashuka stesheni ya Tower Hill, treni ya chini ya ardhi, unapanda ngazi na kuta ziko mbele yako. Unaweza pia kufika kwa boti kupitia mto, na daraja maarufu la Tower Bridge liko hapohapo, kwa hiyo ziara moja inakupa vitu viwili.

Windsor ina njia mbili. Kutoka Waterloo kuna treni ya moja kwa moja mpaka Windsor & Eton Riverside, kama saa nzima. Kutoka Paddington unabadilisha treni Slough na kushukia Windsor & Eton Central; mara nyingi njia hii ni ya haraka zaidi. Stesheni zote mbili ziko karibu na kasri, na kutoka hapo ni miguu tu. Hesabu kuwa kwenda, kurudi na kuzunguka kasri kutakula siku yako yote. Lakini anayefikia hoteli za karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow hana haja ya kuingia London kwanza, maana Windsor iko upande wake.

Ndani ya Mnara

Wengi huja kwa ajili ya mataji, na wana haki. Katika Jewel House zimo taji, fimbo, panga na vyombo vya kutawazia, vyenye vito zaidi ya 23,000. Havikuwekwa kama vitu vya makumbusho tu: St Edward's Crown, taji la dhahabu lenye uzito wa zaidi ya kilo 2, ndilo alilovikwa Charles III mwaka 2023. Vingi vilitengenezwa mwaka 1661, kwa kuwa baada ya Charles I kukatwa kichwa mwaka 1649 serikali ya Bunge iliyayeyusha mataji ya kale. Miongoni mwa vichache vilivyopona ni kijiko cha karne ya 12 cha kupakia mafuta matakatifu. Kitafute. Wageni hukipita mbio wakikimbilia almasi, na hicho ndicho kitu chenye umri mkubwa kuliko karibu vyote vilivyomo.

Kuhusu almasi, Mwafrika anaposimama mbele ya kioo kile huona jambo ambalo mgeni mwingine huenda asilione. Cullinan I, iliyopachikwa kwenye fimbo ya mfalme, ina karati 530, na Cullinan II kwenye Imperial State Crown ina karati 317. Zote zimetoka katika jiwe moja la karati 3,106 lililochimbwa karibu na Pretoria mwaka 1905, likanunuliwa na serikali ya Transvaal, eneo la Afrika Kusini ya leo, na kukabidhiwa kwa Mfalme Edward VII. Baada ya kifo cha Elizabeth II mwaka 2022, sauti za Waafrika Kusini wanaotaka jiwe lao lirudi ziliongezeka. Ukiwa pale, mbele ya mataji muhimu zaidi, unasimama juu ya mkanda unaotembea wenyewe ili foleni isonge. Unaruhusiwa kurudi na kupita tena, na ninakushauri ufanye hivyo. Kupiga picha hakuruhusiwi.

Foleni ya Jewel House huwa ndefu kuanzia saa nne na nusu asubuhi hivi. Fika mlango unapofunguliwa, nenda huko moja kwa moja, mengine yote yangoje.

Kitu cha pili ambacho Windsor haina ni Yeoman Warders, wale walinzi wenye sare ya buluu iliyoiva na mishono myekundu ambao watu huwaita Beefeaters. Si waigizaji. Kila mmoja ametumikia jeshi miaka isiyopungua 22, na wanaishi na familia zao ndani ya kuta za Mnara. Hutembeza wageni kwa makundi, na gharama imo kwenye tiketi. Husimulia kwa sauti kubwa na kwa mbwembwe, watoto hukaa kimya wakisikiliza habari za Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, aliyekatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536, za wana wawili wa mfalme waliotoweka humo mwaka 1483, za Guy Fawkes aliyehojiwa baada ya njama ya kulipua Bunge kwa baruti ya mwaka 1605. Tatizo ni lugha: wanazungumza Kiingereza cha kasi, chenye utani wa kikwao. Kama Kiingereza chako si chepesi, lipia kifaa cha maelezo ya sauti ili usikose kitu.

Halafu kuna kunguru. Inaaminika kwamba wakiondoka, Mnara na ufalme vitaanguka, kwa hiyo hawapungui sita na wana mtunzaji wao rasmi. Na kuna kumbukumbu za wanyama, maana kwa zaidi ya miaka 600 wafalme walifuga humo wanyama waliopewa kama zawadi: simba, dubu mweupe kutoka Norway aliyekuwa akivua samaki katika Thames, na tembo wa Afrika aliyeletwa mwaka 1255 na mfalme wa Ufaransa. Watu wa London walimiminika kumtazama. Leo sanamu za nyaya za wanyama hao zimewekwa hapa na pale, na watoto huzipenda sana.

Usiache kuingia Beauchamp Tower. Kuta zake zimejaa maandishi na michoro iliyochongwa na wafungwa kwa mikono yao: majina, sala, nembo za ukoo. Wenye kujua kwamba huenda hawatatoka walitumia miezi kuchonga mstari mmoja vizuri. Hapo ndipo Mnara unapokuwa na uzito kwangu, kuliko kwenye dhahabu.

Ndani ya Windsor

Windsor hukuingiza taratibu. Unapanda kilima, unapita ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege, unapewa kifaa cha maelezo ambacho kimo kwenye bei na kina lugha kadhaa, kisha unaingia kwenye vyumba vya kifalme. Humo mna michoro ya Rubens, Van Dyck na Holbein, imetundikwa katika vyumba ambavyo mfalme bado anapokelea wageni wake. Katika ukumbi wa Grand Vestibule yapo mambo mawili ya kutazama bila haraka: risasi iliyomuua Nelson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, vitani Trafalgar mwaka 1805, na kichwa cha chui milia cha dhahabu kilichotolewa kwenye kiti cha Tipu Sultan wa Mysore, India.

Ukumbi wa St George's Hall utakushangaza ukijua historia yake. Tarehe 20 Novemba 1992 taa iliwasha pazia katika kanisa dogo la malkia, na moto ukawaka kwa saa 15. Vyumba 115 viliharibika na paa la ukumbi huo likaanguka. Mafundi walifanya kazi miaka mitano, wakajenga paa jipya la mbao za mwaloni kwa ufundi wa zamani, na kazi ikakamilika tarehe ileile ya 20 Novemba, mwaka 1997. Gharama ilikuwa pauni milioni 36.5. Sehemu kubwa ilitokana na kuwafungulia watalii Kasri la Buckingham kuanzia mwaka 1993.

Kwa wenye watoto wadogo, kuna nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyojengwa miaka ya 1921 hadi 1924. Kila kitu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wake halisi, na ina umeme, maji ya bomba na lifti zinazofanya kazi. Inavutia, lakini mtoto anayetaka mapanga na wafungwa haitamshika muda mrefu.

Sasa kanisa. Kanisa la Mtakatifu George lilianza kujengwa mwaka 1475 na kumalizika mwaka 1528, na dari lake la mawe limechongwa kwa wepesi usiotarajia kutoka kwenye mawe. Chini ya sakafu, katikati ya viti vya kwaya, amelala Henry VIII. Kaburi lake ni bamba jeusi tu. Pembeni yake yuko Jane Seymour, mke wa tatu, aliyemwoa siku 11 baada ya Anne Boleyn kuuawa kule Mnarani. Ndani ya kaburi hilohilo wakaja kumweka Charles I na kichwa chake kilichokatwa. Aliyekwisha kusimama mahali alipozikwa Anne, katika kanisa dogo la Mnara, anapofika hapa anaona upande wa pili wa habari ileile. Hii ndiyo maana yangu niliposema Windsor hukunufaisha zaidi ukiwa na ujuzi kidogo.

Elizabeth II yuko kwenye chumba cha pembeni pamoja na wazazi wake na mumewe Philip. Alizikwa hapo tarehe 19 Septemba 2022, na jina lake liko kwenye bamba jeusi pamoja na ya kwao, bila pambo lolote kubwa.

Na yuko Alemayehu. Alikuwa mwana wa Mfalme Tewodros II wa Ethiopia. Jeshi la Waingereza lilipoiteka ngome ya Maqdala mwaka 1868, Tewodros alijiua, na mtoto huyo wa miaka saba akachukuliwa kupelekwa Uingereza. Mama yake alifariki njiani. Malkia Victoria alimpenda na kumsikitikia, lakini kijana hakuwahi kurudi kwao. Alikufa mwaka 1879 akiwa na miaka 18, akazikwa kwenye vyumba vya chini karibu na kanisa hili. Ethiopia imeomba mabaki yake yarudishwe, na mwaka 2023 Kasri la Buckingham lilikataa, likisema haiwezekani kuyatoa bila kuwasumbua wengine waliozikwa pale. Kuna bamba la kumbukumbu lenye maneno ya Injili ya Mathayo: nalikuwa mgeni, mkanikaribisha. Vikundi vingi hulipita bila kulitazama. Mwombe mhudumu akuonyeshe. Wahudumu wa kanisa ni wakarimu na hufurahi kuulizwa. Kwangu, jambo hili peke yake linatosha kunipandisha treni.

Miguu, muda na pesa

Mnara ni mgumu kwa mwenye magoti mabovu. Ngazi ni nyembamba, za kuzunguka, na njia za nje ni za mawe yasiyo sawa. Jewel House inafikika kwa kiti cha magurudumu, ila sehemu kubwa ya minara haifikiki. Windsor lina mwinuko mwanzoni, lakini ndani kuna lifti na vyumba vyote muhimu viko katika mtiririko mmoja. Ukisafiri na mzee, hesabu hii iwe na nguvu kuliko nyingine zote.

Muda wa kukaa haupishani sana: karibu saa tatu kila mahali. Kinachotofautiana ni safari.

Kwa upande wa pesa, Windsor hukupunguzia ukinunua mapema, na tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwao inaweza kugeuzwa kuwa ya mwaka mzima bila malipo mengine. Uliza jinsi ya kuigeuza kabla hujatoka. Kwa anayeishi Uingereza hilo linabadilisha hesabu kabisa. Mwenye kupokea Universal Credit, msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, naye aulize tiketi za pauni moja katika sehemu zote mbili kabla ya kulipa bei kamili.

Asiye na pesa ya kiingilio hakatazwi vyote. Njia ya kando ya mto hukupitisha mbele ya kuta za Mnara na lango la Traitors' Gate, walikopitishwa wafungwa kwa mashua. Windsor kuna Long Walk, barabara iliyonyooka ya zaidi ya kilomita 4 kutoka kasri mpaka sanamu ya George III akiwa juu ya farasi, na mandhari yake ukigeuka nyuma ni mazuri kuliko ya ndani ya ua. Tena, ibada ya jioni ya kuimbwa katika Kanisa la Mtakatifu George iko wazi kwa yeyote, bila tiketi. Anayeingia kwa ibada aingie kwa ibada, lakini atakuwa ameketi chini ya dari lile.

Na Buckingham je?

Wengi hulitaja, kwa hiyo nijibu kwa ufupi. Hilo ni jumba, si ngome. Vyumba vyake rasmi hufunguliwa zaidi majira ya kiangazi, na ukubwa wa historia yake hauwezi kulinganishwa na hizi mbili. Kuona walinzi wakibadilishana zamu, Windsor nako wanafanya, saa tano asubuhi kwa siku zilizotangazwa, na wanapita barabarani karibu nawe zaidi.

Ukipata siku mbili

Anza na Mnara, kisha Windsor, siyo kinyume chake. Mnara utakupa majina na sura. Windsor itakuonyesha walipoishia. Panga Windsor iangukie Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi au Jumatatu, ufike kanisani mapema mchana maana hufungwa kwa watalii kabla ya vyumba vingine. Usiku wa siku ya Mnara, jaribu kupata nafasi kwenye Ceremony of the Keys, sherehe ya kufunga malango inayofanyika kila usiku kabla tu ya saa nne. Tiketi yake ni ya peke yake, bei yake ni ndogo sana, na huisha upesi, kwa hiyo itafute mtandaoni kabla hata ya kukata tiketi ya ndege.